Kuiandaa na Kuiendesha Toyota Prado Kwenye Barabara Mbovu, Mchanga na Tope: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye Toyota Land Cruiser Prado ya kawaida, anayeitumia mjini siku nyingi za mwaka, na ambaye anataka kufika Ziwa Natron, jangwa la Chalbi, milima ya Aberdare au mashambani kwao wakati wa masika bila kuliharibu gari wala kuhatarisha maisha. Mengi yaliyomo yanayahusu pia magari mengine ya ukubwa huo yenye chasisi imara na gia nzito. Vipimo vya upepo vimetajwa kwa PSI kwa sababu ndivyo zinavyosoma geji za gereji zetu.

Ni Prado ipi inayofaa kuanza nayo?

Zinazopatikana kwa wingi Kenya, Tanzania na Uganda ni za vizazi vitatu: mfululizo wa 90 uliotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002, wa 120 uliofuata hadi 2009, na wa 150 ulioanza 2009. Mfululizo wa 250 ulizinduliwa 2023, na kwa bei yake ya sasa ni wachache watakaothubutu kuupeleka kwenye miamba. Vizazi vyote hivi vina chasisi iliyotengana na bodi, ekseli nzima nyuma yenye springi za mviringo, na magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Kwa hiyo tofauti kubwa zaidi kwa mnunuzi haiko kwenye kizazi bali kwenye hali ya gari lenyewe.

Ukikagua gari lililotoka Japani, lala chini ulitazame kwanza, kisha ndipo ufungue boneti. Magari yaliyotumika mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huja na kutu kwenye chasisi, kwenye mabano ya mikono ya ekseli ya nyuma na kwenye mabomba ya breki, na kutu hiyo mara nyingi hufichwa kwa rangi nyeusi mbichi. Chasisi iliyoliwa na kutu haifai kwa kazi hii hata kama viti vinang'aa.

Kuhusu injini, ile ya petroli ya lita 2.7 ni rahisi kuitunza na haina turbo, ila huchoka upesi gari likijaa mzigo. Ya dizeli ya lita 3.0 aina ya 1KD ina nguvu nzuri sana ya kuvuta kwa mwendo mdogo, lakini ina ugonjwa wake unaojulikana: washa za shaba (pete nyembamba za kuziba) zilizo chini ya injekta zikivuja, gesi ya moto huingia kwenye oili na kuigeuza masizi, masizi hayo huziba chujio linalofyonza oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini hufa kwa kukosa oili. Kabla ya kununua, au kabla ya safari ndefu kama hujui historia ya gari, mwambie fundi afungue sampu na kulitazama chujio hilo. Ya dizeli ya lita 2.8, aina ya 1GD, ilianza kufungwa kwenye mfululizo wa 150 mwaka 2015.

Je, Prado kama ilivyotoka kiwandani inatosha?

Kwa safari nyingi, inatosha. Ina difu ya kati (ile inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) inayoweza kufungwa, ina gia nzito, na uwazi wake chini ya tumbo hukaribia milimita 220. Barabara nyingi zinazowakwamisha watu huwakwamisha kwa sababu ya matairi yaliyokwisha, upepo uliozidi, au mzigo mkubwa mno.

Kanuni ninayoisimamia ni kwamba kila kifaa kinachoongezwa kinapaswa kulipia uzito wake. Prado tupu tayari ina tani mbili hivi. Bampa la chuma pamoja na winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba) huweza kuongeza kilo 90 au zaidi, na zote ziko mbele ya ekseli ya mbele. Keria ya chuma ni kilo 30 hivi. Hema la juu ni kilo 50 hadi 60. Dumu la lita 20 la dizeli ni kilo 17, na la maji ni kilo 20 kamili. Ukishawapandisha watu watano na mizigo yao, gari limefika au limepita uzito wa juu ulioandikwa kwenye kitabu chake, na kuanzia hapo breki, shokapu, bushi na bearingi za magurudumu zinafanya kazi ambayo hazikutengenezewa. Gari jepesi huelea juu ya mchanga ambao gari zito linazama.

Wengi huvutiwa na magari ya Rhino Charge, mashindano yanayofanyika Kenya tangu 1989 kuchangia uzio na uhifadhi wa Aberdare. Ni magari ya kuheshimika, na madereva wake ni hodari, lakini yamejengwa kwa kazi moja, na hufika kwenye mashindano yakiwa na timu ya kuyarekebisha. Gari lako linatakiwa kukupeleka kazini Jumatatu.

Nianze na kitu gani?

Anza na matairi, halafu kipimo cha upepo na kompresa ndogo ya kujazia, kisha vifaa vya kunasuka, kisha shokapu. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Matairi yanayokuja na magari mengi ya Japani ni ya lami, yenye mbavu laini na kuta nyembamba. Kuta ndizo hupasuka kwenye mawe, na tundu la ukutani halizibiki kwa kijiti cha pancha. Kwa mtu anayeishi mjini na kusafiri mara kwa mara, tairi la matumizi mchanganyiko, lile linaloandikwa A/T, ndilo chaguo la busara. Lile la tope, M/T, hushika vizuri kwenye udongo laini na hujisafisha lenyewe, lakini hupiga kelele, hula mafuta, na kwenye lami yenye maji hushika vibaya zaidi. Binafsi nisingeliweka kwenye gari linalobeba familia kati ya Dar es Salaam na Arusha.

Soma pia umri wa tairi kabla ya kulipa. Ubavuni pana tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani kwenye joto miaka mingi hukauka hata kama halijawahi kugusa barabara. Na tairi la akiba liwe la kipimo na aina ileile ya mengine, kwa sababu Prado huzungusha magurudumu yote manne wakati wote, na gurudumu moja lenye kimo tofauti huilazimisha difu ya kati kufanya kazi bila kupumzika.

Naweza kuweka tairi kubwa kiasi gani?

Kipimo cha kawaida kwenye Prado nyingi za 150 ni 265/65R17, chenye kimo cha karibu milimita 776. Ukipanda hadi 265/70R17, kimo kinakuwa milimita 803 hivi. Tofauti ni milimita 27, lakini ekseli hupanda nusu tu ya hiyo, yaani kama milimita 13. Spidi mita nayo husoma chini kidogo kuliko ilivyokuwa ikisoma: pale ilipokuwa ikionyesha 100, sasa unakwenda karibu 103. Kwa kawaida kipimo hiki huingia bila kukata kitu, au kwa kusogeza kidogo plastiki za ndani ya matao ya magurudumu.

Kwenda hadi 285/70R17, chenye kimo cha milimita 831, ni jambo jingine. Tairi litagusa plastiki na pengine chuma usukani ukikatwa mpaka mwisho, gia zitakuwa ndefu kwa asilimia 7, na injini ya petroli ya lita 2.7 itaanza kulia kila kilima. Breki pia zitakuwa na gurudumu zito zaidi la kusimamisha. Kama gari lako lilikuja na rimu za inchi 18, kushuka hadi 17 kwa kimo kilekile cha tairi kunakupa ukuta mrefu zaidi, na ukuta huo ndio unaonepa juu ya mawe na kutanuka kwenye mchanga.

Nipunguze upepo hadi kiasi gani?

Hili ndilo badiliko la bure na lenye faida kubwa kuliko yote, na bado ndilo watu wanalolipuuza. Ukipunguza upepo, alama ya tairi ardhini hurefuka, uzito wa gari husambaa, na mpira hujikunja kulifuata jiwe badala ya kuligonga.

Kama kwenye lami unatumia PSI 32, basi kwenye changarawe ndefu yenye matuta madogo yaliyojipanga kama bati, shuka hadi 26 au 28 na upunguze mwendo. Gari litatulia na shokapu zitapumua. Kwenye mawe na njia za makorongo, 20 hadi 24. Kwenye mchanga mzito, 16 hadi 18, na ukikwama, 15 au pungufu kidogo ili utoke tu. Kwenye tope jibu si moja: tope lenye sakafu ngumu chini yake linahitaji tairi likate mpaka lifike chini, kwa hiyo 22 hadi 25 inafaa, ilhali tope refu lisilo na sakafu linahitaji upepo mdogo ili gari lielee. Gari lililopakia sana liongezewe PSI tatu au nne juu ya vipimo hivi.

Ukiwa na upepo mdogo, usizidi kilomita 40 kwa saa na usikate kona kwa nguvu, kwa maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Na ukirudi kwenye barabara ngumu, simama ujaze. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami hupata joto ndani ya kuta mpaka linapasuka, na ajali ya namna hiyo haitoi nafasi ya pili. Kwa sababu hiyo kompresa si anasa: asiye na njia ya kujaza upepo njiani hana ruhusa ya kuupunguza.

Je, ni lazima kuinua gari?

Si lazima, na ukifanya, usizidi milimita 50. Kuinua kwa springi ndefu huongeza uwazi chini ya chasisi na bampa, na huruhusu gari kupanda kingo bila kugonga pua. Hakuinui difu ya nyuma hata milimita moja, kwa kuwa ekseli ile imekaa juu ya magurudumu. Tairi pekee ndilo linaloweza kuipandisha.

Gharama yake ni hii. Magurudumu ya mbele yanajitegemea, kwa hiyo gari likipanda, mihimili inayotoka kwenye difu ya mbele kwenda magurudumuni hukaa kwa pembe kali zaidi, na mpira unaofunika viungo vyake huchanika mapema. Pembe za magurudumu hubadilika, usukani huwa mwepesi na gari huyumba kwenye lami, hivyo ni lazima alaimenti ifanywe upya, na mara nyingi mikono ya juu ya mbele hubadilishwa ili kuzirudisha pembe mahali pake. Kitovu cha uzito hupanda pia. Gari refu lenye mzigo juu ya paa ni rahisi kupinduka, na barabara zetu zimeshaona ajali za kutosha za aina hiyo.

Kuna njia ya mkato inayouzwa sana: vipande vya chuma au plastiki vinavyowekwa juu ya shokapu za mbele na springi za nyuma zilezile za zamani. Siishauri. Inaliinua gari bila kuongeza uwezo wa springi wala wa shokapu, na huiacha shokapu ya mbele ikifika mwisho wa safari yake mapema kila gurudumu linaponing'inia. Kama fedha haitoshi kununua springi na shokapu zinazoendana, nunua shokapu nzuri za kimo cha kawaida na uache gari lilivyo.

Springi za nyuma nichague zipi?

Chagua kwa uzito ambao gari hubeba siku nyingi, si ule wa safari kubwa ya Desemba. Springi nene za mzigo wa kudumu kwenye gari linalotembea tupu huifanya nyuma irukeruke, na kwenye changarawe gari hilo hupoteza mshiko kwenye kona. Baadhi ya Prado za daraja la juu zina mifuko ya hewa nyuma badala ya springi. Mifuko hiyo ikizeeka huvuja na nyuma ya gari hulala chini, na watu wengi huiondoa na kuweka springi za kawaida. Ni uamuzi mzuri kwa anayekwenda mbali na gereji.

Je, keria ya juu ina ubaya gani?

Ubaya wake ni kwamba ikiwepo, itajazwa. Weka juu vitu vyepesi na vikubwa: magodoro, viti vya kukunja, mbao za kunasukia (zile za kuweka chini ya magurudumu gari likikwama). Maji, vifaa vya fundi na madumu ya mafuta vikae ndani, chini, karibu na ekseli ya nyuma na vikiwa vimefungwa. Kiwango cha uzito wa paa kimeandikwa kwenye kitabu cha gari, na ni cha gari linalotembea kwenye barabara nzuri. Mtikisiko wa njia mbovu huuzidisha mzigo uleule mara kadhaa.

Bampa la chuma na winchi vina maana?

Winchi ina maana kwa mtu anayesafiri peke yake mahali penye miti au mawe ya kujifungia. Katikati ya jangwa la Chalbi hapana kitu cha kufunga kamba. Anayesafiri na gari la pili, na kwa maeneo ya mbali hivyo ndivyo inavyopasa, atanufaika zaidi na kamba nzuri na mbao mbili za kunasukia. Ukiamua kufunga winchi, chagua yenye kamba ya nyuzi badala ya waya: ni nyepesi, na ikikatika hairuki kwa nguvu kama waya. Kisha badilisha springi za mbele, la sivyo pua ya gari itainama.

Nitumie lini kufuli ya difu ya kati na gia nzito?

Prado za 120 na 150 hupeleka nguvu mbele na nyuma wakati wote, kwa mgawanyo wa kawaida wa asilimia 40 mbele na 60 nyuma. Difu ya kati ikifungwa, ekseli zote mbili huzunguka kwa kasi moja. Ifunge mara unapoingia kwenye udongo laini, mchanga, tope au kilima chenye mawe yaliyolegea, kabla hujaanza kuteleza. Ifungue ukirudi kwenye lami, kwa sababu barabara inayoshika vizuri haitoi nafasi kwa magurudumu kuteleza kidogo, na mkazo wote hurudi kwenye gia na mihimili.

Gia nzito, yaani L4, si kwa ajili ya kukwama tu. Huzidisha nguvu ya injini zaidi ya mara mbili na nusu na kulipunguza mwendo vivyo hivyo, hivyo hutumika popote unapohitaji kwenda polepole kwa utulivu: kupanda miamba, kuvuka mto, kushuka mlima mkali. Kwenye Prado ya 150, simamisha gari kabisa, kanyaga breki, weka gia N, kisha zungusha swichi na usubiri taa iache kumweka.

Jambo moja dogo lenye manufaa makubwa: fanya mazoezi ya kufunga difu na kuingiza L4 angalau mara moja kwa mwezi, mahali penye vumbi au nyasi. Mota ndogo zinazofanya kazi hiyo huganda zikikaa miaka bila kutumika, na mwenye gari hulijua hilo akiwa tayari ndani ya tope.

Niendesheje kwenye udongo mweusi?

Udongo wa mbuga, ule mweusi wa Mara, Serengeti na nyanda za Athi, ukikauka ni mgumu, na ukinyeshewa huvimba na kugeuka ulimbo. Hujaza nafasi za tairi mpaka A/T yoyote inakuwa laini, kisha hujaza matao ya magurudumu mpaka magurudumu yenyewe yanashindwa kuzunguka. Hakuna kifaa kinachoushinda udongo huu kikamilifu. Kinachosaidia ni kuamua mapema. Funga difu, tumia gia ya pili au ya tatu, shika mwendo wa wastani usiobadilika, na usisimame katikati. Gari likianza kwenda upande, legeza mguu kwenye mafuta na uelekeze usukani kule unakotaka kwenda, bila kukanyaga breki. Mifereji ya magari yaliyotangulia ni salama mradi si mirefu kuliko uwazi wako. Ikizidi hapo, gari hukaa kwa tumbo na magurudumu yote manne hubaki yakizunguka hewani. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, kusubiri jua la saa sita mchana ni uamuzi wa dereva mzuri.

Na kwenye mchanga au jangwa?

Punguza upepo kabla ya kuingia. Anza taratibu, chukua mwendo, na uepuke kona kali. Ukitaka kusimama, acha gari lisimame lenyewe bila breki, ikiwezekana likiangalia mteremko, ili lisijijengee kilima cha mchanga mbele ya magurudumu. Magurudumu yakianza kuchimba, acha mafuta mara moja. Rudi nyuma kwa njia uliyojia, umbali wa urefu wa gari moja au mawili, halafu jaribu tena. Sekunde tano za kukanyaga mafuta kwa hasira huzaa saa mbili za sepetu.

Chalbi ina hatari yake ya pekee. Ni sakafu ya ziwa la kale, na juu yake pana ganda jeupe la chumvi linaloonekana gumu. Baada ya mvua, chini ya ganda hilo hubaki tope kwa muda mrefu. Fuata alama za magari yaliyopita karibuni, na usikate njia mpya hata kama unaona unakokwenda. Kuzunguka Natron na Ol Doinyo Lengai tatizo ni tofauti: vumbi la majivu ya volkano ni laini kama unga na hujaza filta ya hewa upesi, hivyo chukua filta ya pili na uikague ile ya kwanza kila jioni.

Je, snokeli inaniruhusu kuvuka mto wowote?

Hapana. Snokeli hupandisha mahali injini inapovutia hewa, na faida yake kubwa kwetu ni hewa yenye vumbi pungufu. Haizuii maji kuingia kwenye difu, kwenye gia boksi, kwenye alteneta wala kwenye kompyuta ya gari. Anayetaka kuvuka maji marefu arefushe pia mabomba ya kupumulia ya difu na gia boksi hadi juu ya injini. Ni mpira wa bei ndogo na fundi yeyote anaweza kuifanya kazi hiyo. Difu yenye joto ikizama ghafla kwenye maji baridi hunyonya maji kupitia bomba lake fupi, na baada ya wiki chache bearingi zinaanza kuunguruma.

Kina cha maji ambacho Prado ya 150 inatajiwa ni milimita 700, yaani karibu na sehemu ya juu ya tairi, kwa maji yaliyotulia. Maji yanayokwenda ni habari nyingine kabisa. Gari huelea kidogo, magurudumu hupoteza uzito, na mkondo unaofika magotini mwa mtu unatosha kulisukuma pembeni. Usivuke mkondo unaoshindwa kuutembelea kwa miguu; na pale ambapo huwezi kuutembelea kwa sababu ya mamba au kiboko, usivuke kama huoni sakafu au hujaona gari jingine likipita. Makorongo makavu ya kaskazini mwa Kenya na ya nyika ya Umasaini hujaa kwa mvua iliyonyesha milimani, mbali na macho yako, chini ya anga la buluu. Usipige kambi ndani yake, usisimame humo kupiga picha, na ukiona maji ya kahawia yenye takataka yanaanza kushuka, ondoka na usubiri kandokando. Maji hayo mara nyingi hupungua ndani ya saa chache. Watu wengi wamekufa Afrika Mashariki kwa kukosa subira hiyo, wakiwamo abiria ambao hawakuulizwa maoni yao.

Ukiamua kuvuka, weka L4, gia ya pili, ingia taratibu na uende kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, ili wimbi dogo litangulie mbele ya bampa na maji yapungue nyuma yake. Fungua madirisha na mikanda ivuliwe kabla ya kuingia. Injini ikizimika ndani ya maji, usiiwashe tena. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni hugonga ukuta na fito zake hupinda. Vuta gari nje, na fundi avue plagi, au zile za kupashia joto kwa dizeli, kisha ayatoe maji kabla ya kujaribu kuwasha.

Nishukeje mteremko mkali?

L4, gia ya kwanza, difu ya kati imefungwa, na mguu uwe tayari juu ya breki bila kuikandamiza. Injini ndiyo ishike gari. Breki ikifunga magurudumu kwenye changarawe, usukani hauna kazi tena. Nyuma ikianza kukupita, ongeza mafuta kidogo ili magurudumu yazunguke na gari linyooke. Usigeuze gari kukaa ubavu katikati ya mteremko kwa hali yoyote. Njia ya kuteremka bonde la Ngorongoro, ambako magari ya 4x4 tu ndiyo huruhusiwa kushuka hadi sakafu iliyo mita 600 hivi chini ya ukingo, ni mahali pazuri pa kujifunza subira hii.

Gari likikwama, nilivuteje kwa usalama?

Kwanza chimba. Nusu ya kazi ya kunasua ni sepetu: ondoa udongo mbele ya magurudumu na chini ya tumbo, punguza upepo, weka mbao za kunasukia, na mara nyingi gari litatoka bila kuvutwa na mtu.

Likihitaji kuvutwa, angalia unafunga wapi. Kulabu ndogo zilizo chini ya magari mengi ni za kufungia gari melini. Hazikutengenezwa kwa mshtuko wa kuvutana. Na mpira wa kuvutia trela, ile tufe ya chuma nyuma ya gari, usifungwe kamba ya kunasua hata mara moja. Tufe hiyo ikikatika hutoka kwa kasi, hupenya kioo na kumuua aliye ndani. Vifo vya namna hiyo vimetokea nchi mbalimbali. Funga kwenye sehemu zilizofungwa kwa boliti kwenye chasisi na zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa shakeli zenye kiwango cha tani kilichoandikwa.

Kamba inayonyumbulika ya naailoni hutumika pale gari la kuvuta linapohitaji kuchukua mwendo mdogo, kwa sababu hurefuka na kurudisha nguvu polepole. Mnyororo au waya wa chuma usitumike kwa mtindo huo. Tandika blanketi au mkeka mzito katikati ya kamba, na watu wote wasimame mbali, umbali unaozidi urefu wa kamba, pembeni na si katika mstari wake. Kijijini watoto hukusanyika haraka kuliko unavyofikiri. Mpe mtu mzima mmoja kazi ya kuwazuia, na usianze kuvuta mpaka akupe ishara.

Je, naweza kutoka nje ya njia ndani ya hifadhi?

Hapana. Katika hifadhi zinazosimamiwa na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa Tanzania) na KWS (shirika la wanyamapori Kenya), kuacha njia zilizowekwa bila kibali ni kosa, na kosa hilo lina madhara yanayoonekana. Alama za magurudumu kwenye udongo mweusi uliolowa hubaki kwa misimu mingi, maji ya mvua huzifuata na kuzigeuza makorongo, na viota vya ndege waishio ardhini hupondwa. Nje ya hifadhi, ardhi ina wenyewe: malisho, mashamba, visima. Simama, msalimie unayemkuta, umwulize njia na ruhusa. Mfugaji aliyepita hapo asubuhi na ng'ombe wake anajua hali ya korongo lile kuliko ramani yoyote ya simu.

Bima je?

Ieleze kampuni ya bima kwa maandishi kila badiliko kubwa, hasa kuinuliwa kwa gari, bampa na matairi ya kipimo kingine, na upate jibu lake kwa maandishi. Badiliko lisilotajwa linaweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia.

Nikague nini nikirudi?

Osha chini ya gari kwa maji mengi, kwanza ndani ya chasisi na juu ya tangi la mafuta ambako tope hukaa na kuzaa kutu, na zaidi kama umepita kwenye chumvi ya Natron au Chalbi. Kagua mipira ya viungo vya mbele, bushi, mabomba ya breki na ubavu wa ndani wa kila tairi. Paka grisi kwenye shafti. Kama gari limeingia majini, fungua boliti ya difu ya nyuma na ya mbele utazame oili: ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, imwagwe siku hiyohiyo. Kaza nati za magurudumu, kisha zikaze tena baada ya kilomita 50.